Washona Magunia wa Ghala Namba Saba

"Huyo si mimi," shangazi alisema, akaigeuza picha kifudifudi juu ya meza, kisha akaisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

Nilikuwa nimeileta nyumbani kwa furaha ya kijinga. Njia nzima nilijiambia atacheka, ataifuta vumbi kwa upindo wa gauni lake, ataniambia huyu ni nani na yule ni nani. Badala yake aliinuka akaenda kuosha sahani ambazo tayari zilikuwa safi.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na minne, karani wa barua katika ofisi za bandari. Kati ya bandari na mtaa wetu palikuwa na ukuta, na nilizaliwa ukiwapo. Tulisikia makontena yakigongana, tuliona shingo za kreni zikipita juu ya mapaa, lakini bahari yenyewe, iliyokuwa hatua mia mbili kutoka jikoni kwetu, mtaani tuliijua kwa harufu tu. Mwaka huo akaja meneja mpya na wazo lililowafanya wakubwa wenzake wajikune vichwa. Ghala namba saba, lililokuwa limekaa tupu, lifunguliwe upande wa mtaani, lijazwe picha na vifaa vya kazi za zamani, watu wa mjini waje waone bandari yao. Meli ziendelee kupakua upande wa pili kama kawaida. Mimi nikapewa kazi ya kumsaidia mtaalamu wa makumbusho, mama mwembamba aliyeshika kila kitu kwa glavu nyeupe, hata kalamu yake mwenyewe.

Katika boksi tuliloletewa kutoka stoo mlikuwa na picha za mameneja, manahodha na kreni. Kreni zilikuwa na picha nyingi kuliko watu. Chini kabisa ndipo tulipoikuta hiyo moja: wanawake wanane wameketi juu ya magunia, kila mmoja ameshika shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa ameinamisha kichwa upande na kubana midomo. Kubana midomo kwa namna ile nilikufahamu. Nilikuona kila mara kifungo cha shati langu la shule kilipokatika.

Sasa, shangazi yangu alikuwa karani. Hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Yeye ndiye aliyenilea tangu kaka yake, baba yangu, alipofariki, na kila fomu ya shule ilipofika palipoandikwa "kazi ya mlezi", alisema taratibu, kama anayesoma hati: "Andika karani, bandarini." Mtaa mzima ulimjua hivyo. Nilipokwenda kuomba kazi niliwaambia hivyo hivyo waliokuwa wakinihoji, mgongo nimeunyoosha, nikaona nimeingia kwenye ofisi ya kwetu.

Kesho yake niliirudisha picha ghalani nikakuta mtaalamu ameshaitengenezea kijikaratasi: "Wanawake wasiojulikana." Ningesema nini? Nikimtaja, nimemwumbua mbele ya majirani wa miaka arobaini. Nisipomtaja, nimemkana kwa mwandiko wangu, maana ni mimi niliyekabidhiwa kuviandika vijikaratasi hivyo kwa usafi.

Siku tatu shangazi aliongea nami mambo ya lazima tu: mlango, maji, chumvi. Siku ya nne, akiwa anakunja nguo, aliuliza bila kuniangalia.

"Hao wa kwenye picha mmewaandikaje?"

"Wanawake wasiojulikana."

"Wote?"

"Wote wanane."

Shuka likabaki mikononi mwake, nusu limekunjwa.

"Wasiojulikana na nani?"

Akaketi juu ya kitanda, na hapo ndipo aliponisimulia, kwa sauti kavu, kama mtu anayetoa maelezo polisi. Magunia yalishushwa kwa ndoano, na ndoano zilichana. Wao walikaa chini na kushona, nafaka ikiwaingia masikioni na puani, miaka kumi na tisa. Kazi yenyewe haikuwa na ubaya wowote. Ubaya ulikuwa jioni, getini. Walipangwa mstari, wakafunguliwa vilemba, wakakung'utwa magauni, na watu wa mtaani wakasimama kuangalia kama wanaoangalia mpira. Waliitwa panya wa ghala, na kwa vumbi la nafaka usoni hakuna aliyewatambua mmoja mmoja.

"Siku moja mwenzetu alidondosha mahindi, hata kiganja hakijai. Yalikuwa yamejificha kwenye mfuko wa gauni, labda alijua, labda hakujua. Mtaa ulicheka mpaka nikasikia kizunguzungu. Wewe ulikuwa unaanza darasa la kwanza wiki ile. Nikasema, huyu mtoto hataenda shule na jina hilo mgongoni."

Akamaliza kukunja shuka.

"Usiniandike," alisema. "Na usinibembeleze."

Sikumbembeleza. Niliandika kijikaratasi cha mtaalamu kama kilivyo, kwa mwandiko wangu mzuri, na mkono ukaniuma siku nzima.

Tulifungua Jumamosi asubuhi. Nilikuwa nimepeleka barua nyumba kwa nyumba, nikafikiria viti, maji ya kunywa, hata mahali pa kuacha baiskeli. Walinzi sikuwafikiria. Nilipotoka nje kuona kama watu wamekuja, nilikuta foleni imefika kona, na pale mbele kabisa, getini, kijana mlinzi amenyoosha mkono.

"Fungua mkoba, bibi."

Aliyeambiwa hivyo alikuwa shangazi. Amevaa viatu vyake vya harusini, vinavyombana, na nyuma yake amesimama jirani yetu fundi cherehani na nusu ya mtaa. Geti lilikuwa lile lile.

Shangazi alimwangalia yule kijana kuanzia kofia hadi buti.

"Nimepekuliwa hapa miaka kumi na tisa," alisema, "lakini wakati wa kutoka. Siku hizi mnapekua kabla mtu hajaiba?"

Watu wakacheka. Niliona mabega yake yakikaza, kisha yakalegea, maana safari hii hawakumcheka yeye.

"Ni utaratibu tu, bibi," kijana alijitetea. Shangazi akaufungua mkoba mwenyewe. Miwani, leso, chupa ya maji, na kitambaa kilichoviringishwa. Mlinzi akakifungua kitambaa, akatoa shazia, nyeusi kwa uzee, ncha imesuguliwa inang'aa.

"Hii hairuhusiwi kuingia."

"Hiyo ndiyo kazi yangu," shangazi alisema. Akavuta pumzi, akageuka kidogo ili wa nyuma nao wasikie. "Mimi ni mshona magunia. Ghala namba saba."

Fundi cherehani akatoa macho. "Mama, si ulikuwa karani?"

"Ukarani nilijipandisha cheo mwenyewe," alimjibu. "Wakubwa walichelewa."

Kicheko kilichofuata kilisikika, naamini, mpaka melini. Fundi mwenyewe aliinama kwa kucheka, kisha akainuka na uso mwingine kabisa. Akasema polepole kwamba mama yake mzazi alikuwa akisimama pale ng'ambo ya barabara kuangalia, naye amebebwa mgongoni. Shangazi akamwambia anamkumbuka, alikuwa mtoto wa kamasi. Hapo ndipo niliposogea mbele. Nikamwambia mlinzi ampishe, huyu ni mfanyakazi wa hapa. Kijana akairudisha shazia kwa mikono miwili.

Mbele ya picha shangazi aliuweka mkoba chini. Kisha akauliza kama nina kalamu.

"Andika. Huyu ni Kipanga, alimwona msimamizi kabla hajatoka ofisini kwake. Huyu Mama Pacha. Huyu mimi, na uniandike vizuri. Huyu Mzungumzaji, hakuwa anaongea kabisa. Huyu Bi Harusi, aliolewa mara nne. Huyu na huyu ni ndugu, tuliwaita Kulwa na Mwenzake."

"Na wa mwisho?"

Akasogea, akavaa miwani, akasogea tena.

"Huyo alikuja siku hiyo moja. Akapigwa picha na sisi, kesho yake hakurudi. Jina hatukupata hata kumwuliza." Alifikiri. "Basi mwandike hivyo hivyo, kwamba alikuja siku moja. Gunia lake alilishona vizuri."

Mtaalamu wa makumbusho alisimama nyuma yetu. Nilidhani atazungumzia utaratibu. Alivua glavu, akakibandua kijikaratasi cha zamani kwa ukucha, akakitia mfukoni.

Hayo yana miaka ishirini sasa. Ukuta ulibomolewa kipande baada ya kipande, si wote, maana bandari ni mahali pa kazi na malori hayamjui mgeni. Lakini wa mtaani huingia ghalani, na kutoka dirisha la nyuma huiona bahari na meli ikishushwa. Baadhi yao wameniambia hawakujua kuwa iko karibu hivyo. Wazee wameleta picha zao wenyewe kutoka kabatini, na kreni sasa zimezidiwa na watu.

Kwa miaka mingi shangazi alikuja kila Jumamosi kuwaonyesha watu mshono wake. Alikuwa mwalimu mkali. Meneja alishona gunia lake la kwanza mbele yake, akaambiwa afumue.

Siku hizi mikono yake haikazi uzi tena, lakini bado anakuja, nami namwekea kiti chenye mto karibu na dirisha. Jumamosi iliyopita jua lilikuwa la kupendeza, nje winchi inazunguka, na yeye amelala fofofo, mdomo wazi kidogo, viatu amevivua. Enzi zao aliyesinzia ghalani alirudishwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Mgeni mmoja akachungulia mlangoni, akamwona, akasita. Akaniuliza kwa kunong'ona kama pamefungwa.

Nikamwambia pako wazi, aingie tu, ila atembee taratibu.