Ncha Zilizokauka

"Nisomee tawi," alisema baba mkwe, akageuza uso pembeni ili nipate kusogea.

Nazungumzia mwaka hamsini na sita. Mume wangu Didas alikuwa amepitia Mbeya kwenda migodini Afrika Kusini, na baba yake, Mzee Kalinga, alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Kwetu Uheheni mke wa mtoto hasimami karibu na baba mkwe. Lakini misonobari aliyoipanda kwenye malisho ya ng'ombe wake, ili wanawe wapate sababu ya kubaki nyumbani, ilikuwa inaugua, na macho yaliyokuwapo pale yalikuwa yangu.

"Vichipukizi vimekauka, baba. Majani yake ya sindano ni mafupi, rangi ya kutu. Utomvu umeyagandisha."

"Ni jua hilo."

Nilitamani kumkubalia. "Penye vikonyo vya sindano pana vidoa vyeusi, vidogo kama vichwa vya sisimizi."

Baada ya mvua ya mawe ya mwezi wa pili, bwana miti wa Iringa, Silvester, alikuwa amepita kutuonya: kuna kuvu inayoingilia kwenye majeraha ya mawe. Mkiona vidoa hivyo, alisema, kateni mchome. Dawa hakuna.

"Menya gome," alisema mzee.

Nikamenya kwa kisu. Ndani palikuwa na mchirizi wa buluu, kama wino uliomwagika, ukishuka kuelekea shinani.

"Umeishia wapi?"

"Haujaishia, baba."

Tukakata. Mimi kwa panga. Yeye akiburuta matawi mpaka motoni, akiufuata moto kwa joto lake. Tulipomaliza mstari mmoja, ncha za mstari wa pili zilikuwa zimeshainama. Moshi wake ulinukia vizuri mno. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kiangazi kilichofuata Didas alirudi. Alizunguka kwenye visiki, akashika shoka, akaiangusha misonobari iliyosalia ikawa kuni. Baba yake alikaa kizingitini akisikiliza kila mti unavyoanguka. Mvua za kwanza zilipogusa ardhi, Didas alifunga tena sanduku lake.

Tulimsindikiza mpaka barabarani. Lori lilipoondoka, mzee alibaki amesimama, mkono juu, akipunga. Sikumwambia kwamba lilikuwa limeshapita kilima.