Malkia wa Kinyozi

Kinyozi alifungua kisanduku mbele ya wageni, mwanga ukamrukia usoni kama wa kijiko kipya, na tabasamu lake likakwama papo hapo.

Sebule ilikuwa imejaa. Majirani walikuja kwa chai na umbea, wateja wawili wa saluni walikuja kwa kuwa wenzao wamekuja. Mgeni hasa alikuwa mmoja tu, mstaafu waliyemwita Lenzi kwa kile kioo cha kukuzia alichokivaa shingoni mchana kutwa. Alitaka kumwona malkia wa kwenye sarafu kwa macho yake.

Sarafu za kinyozi hazikuwahi kununua hata kiberiti. Karne ya kumi na tisa walikuwapo wachongaji waliogonga pesa za majaribio ambazo hakuna serikali iliyoziagiza. Walibuni mfalme, ikibidi wakabuni na nchi yake, wakatoa vipande vichache, basi. Mtaani wakaziita pesa za uongo za kweli. Kinyozi alizipendea nywele. Mchongaji asiyesubiriwa na mtu, alizoea kusema huku mkasi ukilia, hamalizi kichwa kwa haraka. Na huyu malkia asiyewahi kutawala popote, mweusi kwa uzee, alikuwa na msuko uliochongwa unywele kwa unywele.

Mkewe aliziita sarafu hizo mke mwenza. Wiki iliyopita walikwaruzana mpaka akaapa kuzimwaga chooni, na tangu hapo walisemezana kupitia watoto: mwambie baba yako, mwambie mama yako.

"Nimeisugua tangu alfajiri," mke alisema, amesimama mlangoni na sinia, macho yake kwa mumewe moja kwa moja. "Si ulisema anakuja mtu wa maana? Nikaona nisikuaibishe."

Kinyozi aliigeuza sarafu. Ule waya wa kusugulia sufuria ulikuwa umepita kila mahali. Malkia alikuwa amenyolewa.

Lenzi akavuta kioo chake. Huyu hakuwa mtu wa kupaka maneno mafuta. Aliwahi kumwambia mjane, tena matanga hayajaanuliwa, kwamba hazina ya marehemu ilikuwa kifungo cha koti. Kinyozi akamkanyaga mguu chini ya meza, akaukandamiza hasa.

Lenzi alitazama, akakohoa, akatazama tena.

"Shemeji," alisema, "za wakati ule, sijaona iliyo safi namna hii."

Mke akacheka. Wiki nzima nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko chake.

"Basi kunyweni chai. Na zile nyingine nimeshaziloweka, nazileta sasa hivi."

Kinyozi aliinuka upesi, malkia mkononi, hata kikombe cha jirani kikamwagika, akamfuata jikoni. Beseni lilijaa povu. Mke alikwisha kuopoa moja, waya mkononi. Kinyozi aliuchukua ule waya taratibu, kama anavyomnyang'anya mtoto wembe, akamsogeza mkewe dirishani.

"Pitisha kidole hapa."

Alipitisha. "Hizi ni ndevu?"

"Ndevu. Ona zinavyopinda kidevuni."

Mke aliziangalia kwa muda. Kisha akampokonya mumewe malkia, akapapasa. Kidole kiliteleza bila kukwama popote.

"Na huyu alikuwa na nywele?"

"Alikuwa nazo. Msuko mzima."

"Ukanyamaza mbele ya watu."

"Ulikuwa unacheka."

Mke alimshika malkia ndani ya kiganja, akakifumba. Kinyozi alichukua taulo, akamwonyesha namna ya kuikausha ile yenye ndevu: kugusisha tu, bila kufuta, kama shavu la mteja lililotoka kunyolewa. Mke akamwiga kwa mkono mmoja. Ule mwingine hakuufumbua.

Sebuleni mtu aliuliza kama majani ya chai ya pili ndiyo kwanza yanachumwa, watu wakaangua kicheko. Ndani ya beseni povu lilikuwa likipasuka polepole, na nyuso nyeusi zikaanza kuonekana, mmoja baada ya mwingine.