Sekunde Tisa Kabla ya Gari Kushika

Asubuhi ya tarehe 2 Januari 2008, saa mbili kasorobo, niliingiza gia ya D, ya kwenda mbele, kwenye Toyota ya Mwalimu Waceke nikaanza kuhesabu. Gari lilikaa tu mpaka nilipofika tisa. Hapo likaruka mbele kama limesukumwa, nikakanyaga breki. Giaboksi ya otomatiki iliyo nzima hushika kwa sekunde moja, au moja na nusu.

Waceke alikuwa chini ya kitanda changu, nyumbani kwangu Kiplombe, nje ya Eldoret, kwa siku ya pili. Nyumba yake, mita mia mbili kutoka kwangu, ilikuwa imeungua. Alipokuwa akiruka seng'enge alivunjika kifundo cha mguu, hivyo hangeweza kutembea kilomita saba hadi kituo cha polisi mjini. Mumewe, Mburu, alikuwa Nakuru na watoto. Gari lao lilisalimika kwa sababu lilikuwa kwangu likingoja kukaguliwa. Nafundisha ufundi wa magari chuoni. Mimi ni mtu wa Siaya, na majina ya kwetu hayakuwa yanatafutwa hapa wiki hiyo ya ghasia za uchaguzi. Lake lilikuwa linatafutwa.

Barabarani vijana wa ghasia walikuwa wameweka kizuizi. Gari likigoma hapo, watalizunguka, watafungua nyuma, watamkuta.

Lilikuwa limetembea kilomita laki nne na elfu kumi na mbili. Nilichomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, injini ikinguruma, kama inavyotakiwa. Oili ya giaboksi hiyo huwa nyekundu. Hii ilikuwa ya kahawia, na rangi hiyo ina maelezo mawili. La kwanza: klachi za ndani zimeungua. Basi gari litazidi kuharibika likipata joto, na heri kuondoka mara moja. La pili: mtu amechanganya oili nzito. Basi litagoma likiwa baridi, na asubuhi za Eldoret ni baridi, ila litashika likipata joto, heri kungoja. Ningekosea, ningekuwa nimemchagulia Waceke mahali pa kukwama.

Nilinusa. Haikunuka kuungua. Nilidondosha tone kwenye karatasi nyeupe, nikalisugua. Hakukuwa na chembe nyeusi. Kipimo cha tatu ni kukanyaga breki na mafuta kwa pamoja usikie injini inapanda hadi wapi. Hicho sikuthubutu. Kingesikika mpaka dukani, na vijana walikuwa dukani.

"Yuko?"

Niligeuka. Alikuwa Kipkorir, jirani yangu mkulima wa ngano na maziwa, amepita shambani. Alikuwa na panga. Wiki hiyo kila mtu alikuwa na panga.

"Nani?"

"Javan, usinifanye mjinga. Gari ya Mwalimu inanguruma na Mburu hayuko. Hao vijana wanapanda huku, nyumba kwa nyumba." Akaiona karatasi. "Hiyo ni oili yangu."

"Yako vipi?"

"Kabla ya Krismasi Mburu alisema imepungua. Nikamwekea lita moja, ile ya trakta. Oili ni oili, ama?"

"Si oili, Kipkorir."

"Sasa mimi nitajuaje? Trakta yangu haijawahi kulalamika."

Niliingia ndani kumwambia Waceke. Uso wake ulikuwa na vumbi la sakafu. "Aliiharibu makusudi," alinong'ona. "Na sasa amekuja kuhakikisha."

Nilipima neno la Kipkorir kama nilivyopima oili. Oili ya trakta ilieleza ile rangi, kukosa harufu, kukosa chembe na zile sekunde tisa. Uwongo haungeeleza vyote vinne. Lakini hilo lilithibitisha alichokiweka tu. Kwa nini alikiweka, karatasi haikunionyesha.

Niliweka kipande cha katoni mbele ya rediata ili joto lipande haraka, kwa kuwa oili ya giaboksi hupita humo. Nikaacha injini ingurume. Baada ya dakika nne nilihesabu: sita. Kule chini bati lilipigwa, watu wakashangilia. Baada ya nane: nne. Kelele zilifika kwa jirani wa tatu. Dakika ya kumi na mbili: mbili.

"Tosha," nikasema.

Tulimlaza Waceke nyuma, tukamfunika kwa magunia matupu, na juu yake mitungi miwili ya maziwa ambayo Kipkorir alikimbia kuileta kutoka kwake. Kipkorir alikaa mbele, kushoto kwangu, panga magotini.

Kizuizi kilikuwa magogo na mawe, na vijana kama ishirini. Mmoja, mwenye koti la mvua, alipiga boneti kwa rungu.

"Zima gari!"

Nilizima. Kuanzia hapo oili ilikuwa inapoa, nami sikuwa na namna ya kuizuia.

Kipkorir alizungumza nao kwa lugha yao, ambayo ni yake pia. Baadhi walicheka. Yule wa koti alizunguka mpaka dirishani kwake, akahamia Kiswahili ili nami nisikie.

"Mzee, hii si gari ya yule mwalimu?"

"Ilikuwa yake."

"Na sasa?"

"Sasa ni yangu. Ama wewe ulitaka ng'ombe pekee ndio wabadilishe boma?"

Walipasuka kicheko. "Mzee amejipanga! Lakini si ungechukua ya maana? Hii imezeeka kukushinda!"

"Hata mke wangu alisema hivyo."

Nyuma, mtungi uligonga mtungi. Mara moja tu. Yule wa koti alitazama nyuma.

"Maziwa," Kipkorir alisema. "Na ikiganda wewe ndiye utanunua."

Waliondoa gogo moja. Niliwasha, nikaingiza D. Moja. Mbili. Gari halikusogea. Tatu. Yule kijana aliinama kunitazama. "Fundi, umesahau kuendesha?" Nne. Likashika, safari hii taratibu, tukapita.

Tulifika kituoni. Waceke alibebwa na polisi wawili. Hakumtazama Kipkorir. Alikuwa amemsikia akisema gari ni lake.

Na kwa kuwa Kipkorir alisema hivyo mbele ya vijana ishirini, ilimbidi liwe lake. Alilipaki uani kwake wazi, akalitumia kubebea maziwa kila asubuhi akipita palepale kizuizini, wakampungia mkono. Aliniambia alikuwa akihesabu kila alipoweka D, akiogopa kwamba wakijua alidanganya, watarudi kwake na kiberiti. Kanisani watu wawili walihama benchi, kwa kuwa walimwona mwizi. Hakuwaeleza. Angewaelezaje?

Aprili, barabara zilipotulia, alilileta kwangu. Nilimwaga oili yote na kupekua mabaki kwenye sinia la chini la giaboksi. Hakukuwa na chuma wala vumbi la klachi. Nilijaza nyekundu. Likashika kwa sekunde moja, hata asubuhi.

Nililiendesha peke yangu hadi Nakuru, alikokuwa Waceke na familia yake. Waceke alitoka akichechemea kidogo. Nilimwonyesha ile karatasi ya Januari, nikamsimulia zile sekunde tisa, nikamweleza: mtu anayetaka gari lisiondoke hutoboa tairi, hanunui oili kwa pesa yake na kujaza hadi alama ya dipstiki.

"Na alama alifikisha?"

"Sawasawa kabisa."

Aliikunja karatasi. Akaingia garini, akakanyaga breki, akaweka D. Midomo yake ilihesabu. Gari lilishika kwenye moja, lakini aliendelea kuhesabu, mguu juu ya breki, mpaka tisa.