Vituo Vinne vya Herefordshire

Cornelius alifundisha jiografia Kapsabet miaka kumi na miwili kabla ya kuja Doha kuendesha basi la hoteli, na ualimu haukuwa umemtoka hata chembe. Jeptoo alipomwambia kwamba hospitali moja ya Herefordshire, Uingereza, ingemhoji kwa Skype, alikunja uso kama vile mtihani ni wake.

"Tuna wiki sita, Sista," alisema. "Tuanze na mito."

Jeptoo, muuguzi wa kliniki moja ya Abu Hamour, hapo hapo Doha, hakubisha. Mkataba wake wa Qatar haukumruhusu kuishi na mtoto. Ule wa Uingereza ungemruhusu. Fiona alikuwa na miaka tisa, analelewa na nyanya yake, na kwa miaka mitano mama yake alikuwa sauti ya simu tu. Jeptoo alitamani sana kuwa naye. Angekariri hata mito ya mwezini.

Kila asubuhi Cornelius, akishawashusha wafanyakazi wa hoteli West Bay, alimpa lifti hadi kliniki. Jeptoo alikaa nyuma ya dereva na kuulizwa maswali.

"Mto mkuu?"

"Wye."

"Mifugo?"

"Ng'ombe wekundu, uso mweupe."

"Viwanda?"

"Pombe ya matufaha, Mwalimu."

"Usitabasamu. Reli?"

"Vituo vinne. Hereford, Leominster, Ledbury, Colwall."

Kwenye simu Fiona naye alivikariri, akaamua kwamba yeye atashukia Ledbury.

Siku ya mahojiano, maswali ya dawa na vidonda yalipita vizuri. Kisha mmoja wa wazungu wawili waliomhoji, mama mmoja, akauliza, "Unajua nini kuhusu kaunti yetu?"

Jeptoo akasimama wima, mikono nyuma, jinsi alivyozoea kumjibu mwalimu darasani. Kichwa chake kikatoka nje ya picha, na kwa dakika nne wale wazungu wawili walisomewa jiografia na vifungo vya sare yake. Hakuacha hata daraja.

"Nimezaliwa hapa na nusu ya hayo siyajui," mama yule alisema hatimaye. "Keti, tafadhali. Kazi yenyewe ni kuwatembelea wagonjwa huko mashambani. Treni haifiki. Hilo liliandikwa mwishoni mwa tangazo la kazi. Unaendesha gari?"

Tangazo walilisoma wote wawili, yeye na Mwalimu, wakaishia kwenye jina la kaunti.

"Hapana," alisema Jeptoo.

Wazungu wakanong'onezana. Wangemshikia nafasi hadi Machi, aje na leseni. Bila leseni, wangemwita mwingine.

Cornelius alipopewa habari, alizima injini ya basi. Wiki sita alikuwa amemfundisha reli huku ameshika usukani mbele ya macho yake.

"Nimeaibika, Sista," alisema. "Hamia mbele, uangalie miguu yangu. Jumamosi nakupeleka shule ya udereva."

Jioni Fiona alipiga simu. Alitaka kujua treni ya Ledbury hufika saa ngapi.

"Achana na treni," Jeptoo alisema. "Mama atakuja kukuchukua na gari."