Mate ya Mama

Alifua kila kitu. Kiwanda cha magodoro kilipoteketea na mwanawe asirudi, mama alijua watu watajaa nyumbani, naye si mtu wa kukubali kusemwa uchafu. Akafua mashuka na mashati ya kijana, akachemsha kitana chake, mswaki akautupa. Sasa mtaalamu wa maabara alikuwa akimuuliza kama kuna kitu chochote alichokitumia marehemu, cha kupimia vinasaba vyake.

"Nimefua," mama alisema, kwa aibu ya mtu aliyefumaniwa.

Mtaalamu akashusha pumzi. "Mate uliyotoa wiki iliyopita yanaonyesha huenda una undugu na mmojawapo wa waliokufa. Lakini mama mzazi, hapana. Na miili iliyobaki haina sura. Siwezi kukupa mtu kwa kubahatisha. Aliyemzaa yupo hai?"

Yupo. Ni mdogo wake mama, aliyemzaa kijana akiwa bado shuleni, kisha akaolewa na mwanamume asiyejua lolote. Mama alihamia mtaani na kichanga mgongoni, na majirani, hodari wa kujua hata chumvi ya mwenzao imepungua lini, miaka ishirini na sita hawakugutuka.

Alitoka nje kwenye korido akampigia simu.

"Njoo utoe mate tu. Ni dakika moja."

"Mume wangu yuko hapa mezani," mdogo wake alinong'ona. "Na wewe ndiye uliyeniapisha, dada. Ulisema siku nikimwita mwanangu, mimi na wewe basi. Nilikuja kumwona ana miaka mitano, ukanifungia mlango."

"Nilikuwa na wivu."

Hakuwahi kulikiri jambo hilo kwa mtu. Sasa lilimtoka kirahisi, wakati halimfai yeyote.

"Mimi sina mtoto, dada. Ulinifundisha, nikafundishika." Simu ikakatwa.

Aliporudi ndani akitikisa kichwa, mtaalamu alimweleza utaratibu polepole: asiyetambuliwa huzikwa na manispaa, kwa namba. Ndugu waliothibitishwa tu ndio wanaokabidhiwa mwili.

"Wamebaki wangapi?" mama aliuliza.

"Wanne."

Mama aliutazama mlango wa chumba cha baridi. Hasira ilimpanda, na nusu yake ilikuwa ya kujichukia.

"Basi nipe yeyote," alisema. "Nitamzika kama wangu. Hata huyo wangu sikumzaa."