Uzito wa Kiti cha Usukani

Mto ulilirudisha gari, ukambakiza mwanangu. Walilivuta kwa minyororo, likakaushwa, injini ikafufuka, likaja kuegeshwa uani kwangu, mbele ya dirisha la jikoni. Tangu hapo limeinamia upande wa usukani, kama lina mtu ndani. Alasiri, jua likilegea, springi hulia kii, taratibu, kama mtu mzito anayeketi. Nilizoea. Nikisikia nasema, "Karibu, baba," naendelea kuchambua mchele.

Mjukuu wangu hakuzoea. Yeye ni mkunga, na amepangiwa zahanati ya ng'ambo ya mto ule ule. Mvua zikishika, wajawazito wa huko hujifungulia njiani, maana magari mafupi, ya tumbo karibu na ardhi, hayavuki. Hili la baba yake lilikuwa fupi. Maji yaliingia kwenye injini katikati ya kivuko, akashuka kulisukuma.

"Nitavuka na hili hili, bibi," aliniambia, "ila likiwa refu. Likishindikana, siendi."

Mimi nilitaka asiende kabisa. Sikumwambia.

Jumamosi asubuhi akaja mwanangu mdogo, tunayemwita Spana, na springi mpya nene za kubebea mizigo na shokapu ndefu za kulinyanyua gari. Fundi hasa alikuwa marehemu kaka yake.

"Baba mdogo, kweli unaijua kazi hii?" mkunga akamuuliza.

"Mimi? Nimemshikia kaka tochi tangu sijaota ndevu. Tochi nayo ina elimu yake."

"Basi ungeituma tochi, wewe ukalala."

"Mama, msikie mke mwenzio anavyonitukana!"

Tulicheka, halafu tukanyamaza wote kwa pamoja, kwa sababu gari nalo lilikuwa limelia.

Spana alitandika maboksi mahali pa mkunga kupigia magoti, yeye mwenyewe akalala mchangani. Naye mkunga, kila baba yake mdogo alipoingia chini ya gari, alisogeza gogo jingine chini ya chesisi, jeki isije ikateleza. Spana alijifanya hayaoni. Ndivyo wanavyopendana watu wa nyumba hii.

Springi za zamani zilipotoka, katikati ya vyuma vyake mlikuwa na tope kavu la mto. Mkunga akalikusanya kiganjani, akabaki amesimama, hajui aliweke wapi. Nikampa kikombe changu cha chai. Kaburi hatuna. Tuna tope hilo.

Adhuhuri gari likashushwa kutoka kwenye jeki. Lilisimama refu, la kutisha kidogo. Lakini upande wa usukani ulikuwa umenyanyuka kuliko mwingine, na Spana alipolisukuma kwa bega, likalia kii. Sauti ile ile.

Spana akarudi nyuma. "Springi mpya hizi! Zinalia nini? Mama, kaka hataki."

Mkunga akaketi juu ya gogo, mikono yake myeusi kwa grisi. "Basi siendi," akasema.

Nilichokitaka kikawa kimekuja chenyewe, bila mimi kufungua mdomo. Lakini nilimtazama alivyoinamisha kichwa, nikawakumbuka na wale mama wa njiani.

"Spana, zile bolti zinazopita kwenye mipira ya bushi, umezikaza saa ngapi?"

"Gari lilipokuwa kwenye jeki."

"Na kaka yako, kabla ya kumaliza, alikuwa anatuita tuingie wapi?"

Alinitazama, kisha akajipiga kofi la paji la uso. Marehemu hakuwahi kukaza bolti hizo gari likiwa hewani. Alizibana kwa mkono tu, akalishusha, halafu akatuita sote tupande, mimi na unga wangu mikononi, ndipo akazikaza. Chuma kishike kikiwa kimewabeba wenye gari, alikuwa akisema. Mpira wa bushi ukikazwa mtupu, mzigo ukija unajinyonga na kulia.

"Tochi haikufika hapo," Spana akasema.

Akaweka mawe kwenye magurudumu, akazilegeza bolti zote. Mimi nikapanda mbele, kando ya usukani. Mkunga akakaa nyuma yangu. Kiti cha dereva hakuna aliyekigusa.

"Usukani bado uko juu!" Spana akapaza sauti kutoka chini. "Mmoja ahamie huko!"

Nikageuka. Mkunga akatikisa kichwa, machozi yamemlenga.

Ndipo gari likashuka. Taratibu, kii, upande ule ule, hata bega langu likaegemea kiti kitupu.

"Hapo hapo!" Spana akasema. "Asante. Usitikisike."

Ngozi ya kile kiti ilikuwa imebonyea.

"Nani huyo amehamia?"

"Kaza, mwanangu," nikasema. "Kaza vizuri."

Akakaza moja baada ya nyingine. Alipotoka chini na kutuona tulipoketi, alifuta kitasa cha mlango wa dereva kwa shati lake, akaufungua kwa adabu, kama anayemfungulia mkubwa wake.

Mkunga akashuka, akazunguka, akasimama mlangoni. Akajifuta grisi mikononi.

"Shikamoo, baba. Nipishe, niendeshe mimi."

Springi zikapanda, kimya. Akaingia, akaketi.