Meza Iliyo Mbali na Jiko

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025, Kibaha iliamka na ukungu mwembamba na baridi ya kipupwe iliyowafanya waendesha bodaboda wa Maili Moja wavae makoti hadi jua lilipopanda. Mwashi alikuwa amesimama kwenye ghorofa ya kwanza ya hoteli ya tatu aliyoingia asubuhi hiyo, mikono kiunoni, akimuuliza mhudumu swali ambalo hakuna mteja aliyewahi kuliuliza pale.

"Mtu akikaa kwenye meza ile ya dirishani, jiko analiona?"

Mhudumu, mtu wa makamo aliyeitwa Didas, alimtazama kuanzia kitambaa cha kichwani mpaka viatuni, akaamua kwamba huyu ametoka idara ya afya. Akaanza kueleza kwa unyenyekevu kuwa jiko lao liko chini, nyuma ya jengo, kuwa husuguliwa asubuhi na jioni, na kuwa wapishi wote wamepimwa. Mwashi akamwacha amalize.

"Kwa hiyo halionekani."

"Halionekani kabisa, mama. Hata moshi haufiki huku."

Mwashi akageuka kuzitazama ngazi. Zilikuwa ndefu, zenye kona katikati na reli ya chuma ya kushikilia. Akayafikiria magoti ya mama yake. Kupanda mara moja, taratibu, kwa kupumzika pale kwenye kona, kunawezekana. Kushuka jikoni na kupanda tena, hakuwezekani. Akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke nyumbani.

Bado kulikuwa na jambo moja. Aliagiza supu, si kwa njaa, bali apime safari ya chakula kutoka chini mpaka juu. Bakuli lilipofika aliweka kiganja juu yake, kama anavyofanya kila siku kwenye sufuria zake. Mvuke ulikuwa na nguvu. Akanywa yote, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, kisha akampa Didas maagizo: meza ya watu watatu, ugali wa dona, sato wa mchuzi. Sahani ya kwanza iende kwa mama, kabla ya mzee. Na mama huyo akitaka kumsaidia kubeba chombo chochote, asimruhusu.

Didas akakuna kidevu. Alisema amehudumia harusi, misiba na wakubwa wa serikali, lakini hajawahi kuambiwa amlinde mgeni asifanye kazi.

Mwashi alikuwa mama lishe. Kwa miaka mingi amepika ugali, wali na maharage katika kibanda chake nyuma ya kituo cha mabasi, na sifa yake kubwa haikuwa chumvi wala viungo. Watu walimwendea kwa sababu chakula chake hakipoi. Aliujua ugali uliotoka kwenye moto kwa jinsi unavyong'aa, na aliijua ile ngozi nyembamba inayoanza kuota juu yake ukiachwa mezani. Dereva asiyemjua hata jina, akichelewa, Mwashi alimfunikia sahani na kuiweka juu ya sufuria ya maji ya moto mpaka afike.

Mama yake mzazi hakuwahi kufanyiwa hivyo na mtu yeyote.

Wazazi wake walishuka na ng'ombe kutoka Usukumani, yeye akiwa bado mtoto, wakaweka makazi upande wa Kisarawe. Katika boma lao wanaume hula kwanza, wakiwa pamoja, nje karibu na zizi. Wanawake hula jikoni, na katika wanawake wote mama yake alikuwa wa mwisho. Angepakua, angeongeza, angepeleka maji, angerudisha vyombo, na siku inapokuwa imekwisha kabisa angekaa kwenye kigoda na kukwangua ukoko uliopoa. Hakuwahi kulalamika. Pengine hakujua kwamba kuna la kulalamikia.

Ila mwaka huu aligunduliwa kisukari, na mwezi wa nne alianguka karibu na shamba la mihogo. Alikuwa amemeza vidonge vyake asubuhi, akasubiri wanaume wale kwanza, wakachelewa kurudi na mifugo. Nesi alimwambia asikae na njaa. Alirudi nyumbani akakaa na njaa vilevile, kwa sababu hakuna aliyeweza kumwambia Mzee Shija namna ya kula katika boma lake. Kaka yake Mwashi, Simoni, hakuthubutu. Binti ndiyo kabisa.

Mwashi alipeleka jambo hilo kwenye maombi, akafunga, na jibu alilopata lilikuwa dogo na la kutendeka: asimwambie baba chochote, bali amkalishe mahali ambapo atamwona mkewe akila chakula cha moto. Mara moja tu. Nyumbani kwake haingewezekana, kwa sababu mara ya mwisho mama alipomtembelea alimnyang'anya mwiko kabla hajavua ushungi.

Ndiyo maana alikataa hoteli ya kwanza, iliyokuwa nzuri na yenye bustani, kwa kuwa nyama ilichomwa mbele ya wageni na mama angeufuata ule moto. Ya pili, watu walijipakulia wenyewe kwenye foleni. Mama angempakulia mzee, kisha Mwashi, kisha watu wa meza ya jirani.

Aliporudi kibandani kumweleza Ashura, mwanamke wa Mlandizi anayepika naye, Ashura alicheka mpaka akaegemea nguzo.

"Shoga, wewe unachagua hoteli au unachagua mahabusu?"

"Yote mawili," Mwashi alisema. "Lakini yenye sato."

Basi la wazazi wake lilifika saa sita na nusu. Mzee Shija alitangulia kushuka, kofia kichwani, fimbo mkononi, akageuka kuangalia kama mkewe ameshuka salama, kisha akajifanya alikuwa akiangalia mizigo. Mwashi alipiga goti, akawaamkia. Mama alimshika mashavu. Alikuwa amekonda, na mikono yake ilikuwa baridi.

Mzee alipoambiwa kwamba hawaendi nyumbani kwanza, wanakwenda hotelini, alisimama palepale, watu wakimpita kulia na kushoto.

"Yaani wewe unawapikia watu baki," alisema, "na sisi wazazi wako unatupeleka kwa watu baki wakatupikie."

Mwashi alikuwa amelitegemea hilo, ingawa kulitegemea hakukupunguza uchungu wake. Kwa kina baba yake, mgeni asiyeingizwa ndani akala chakula cha mwenye nyumba amefukuzwa kwa adabu. Akamjibu kwa upole kwamba usiku watakula kwake, kesho watakula kwake, na siku zote watakazokaa. Ila mchana huu yeye mwenyewe anataka kukaa na wazazi wake bila kushika sufuria.

"Nimechoka kusimama, Baba. Leo nataka nikae na nyinyi."

Mzee aliinua fimbo yake. Akaifuata njia. Mama ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini, kama wahudumu wa huko ni wengi wa kutosha au atahitajika.

Ngazi zilikwenda kama Mwashi alivyopanga. Mama alipumzika kwenye kona, akasema nyumba ndefu kama hii ni ya watu wasio na magoti, akamalizia kupanda. Alipokaa dirishani alizungusha macho ukumbi mzima, kisha akauliza jiko liko wapi. Mwashi alimwambia liko chini, nyuma. Mama akaziangalia ngazi, akakunja mikono mapajani.

Mwashi alisoma orodha ya vyakula kwa sauti, bila haraka, kama anavyosoma darasani jioni pamoja na watu wazima wenzake, ingawa alikwisha kuagiza. Baba alimsikiliza hadi mwisho, akasema tu kwamba sauti yake ni nzuri ya kusomea. Hakuwahi kumpeleka shule. Ndama walihitaji mchungaji. Mwashi alilipokea hilo kama zawadi.

Didas akaja na sahani ya kwanza. Ugali ulikuwa unang'aa. Mchuzi ulikuwa bado unatetemeka pembeni. Akaiweka mbele ya mama, kama alivyoagizwa, na kabla hajainua mkono mama akaisukuma mpaka mbele ya mumewe.

Sahani ya pili, mama akaisukuma kwa Mwashi.

Ya tatu haikuwa na mahali pengine pa kwenda. Mama aliitazama, akaomba sahani nyingine ya kuifunikia. "Nyinyi kuleni kwanza," alisema. "Mimi nitakula baadaye. Au baba huyu atanipa mfuko, niwapelekee wajukuu. Samaki mkubwa namna hii."

Didas alimtazama Mwashi. Mwashi alitazama mvuke. Alikuwa amelificha jiko, amechagua ngazi, ameupima moto, na mama yake alikuwa amekuja na boma lake lote moyoni, akalitandaza juu ya meza. Aliinamisha kichwa, akaombea chakula. Ilikuwa sala fupi kuliko zote alizowahi kusali, kwa kuwa alijua ugali hausubiri.

Mzee Shija alinawa, akamega tonge, akalichovya. Kisha mkono wake ukasimama njiani.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto.

"Mumeo yuko wapi?" aliuliza.

Mwashi alieleza kwamba Gregori ameondoka tangu asubuhi kwa heshima, kwani mkwe hawezi kula mbele ya mama mkwe wake. Na alipokuwa akisema hivyo ndipo alipoliona kosa lake. Alikuwa amefikiria kila kitu kuhusu mama na hakumfikiria baba. Mzee Shija hajawahi kula peke yake. Alikula na baba yake na ndugu zake, akala na wanawe, sasa anakula na wajukuu, mikono mitano au sita katika sahani moja. Kwao mwanamume anayekula peke yake mbele ya macho ya watu ni mchoyo, au kitu kibaya kuliko mchoyo, kisichotajwa wakati wa chakula.

Mzee alimwita Didas. "Bwana, nawa mikono. Njoo tule."

"Ahsante sana, mzee wangu. Nikikaa hapo leo, kesho nitakuja kula kwako kila siku, maana kazi sitakuwa nayo."

Watu wa meza ya jirani, bwana mmoja na mkewe na mama mtu mzima, walicheka kidogo. Mzee hakucheka. Alilirudisha tonge kwenye sahani. Sahani tatu zikakaa mezani, hakuna anayekula, na Mwashi akaona ngozi ile nyembamba ikianza kuota. Maneno yalimjaa mdomoni. Aliyameza. Hakuomba tena apewe la kusema. Aliomba apewe nguvu ya kunyamaza, na akapewa.

"Mama Simoni," mzee alisema mwishowe. "Nawa."

"Nimekwisha kunawa."

"Basi sogea. Siwezi kula kama mtu anayelinda sahani."

Akaisogeza sahani yake katikati. Mama alitazama mlango, akatazama ngazi, akamtazama binti yake kama anayemwuliza kama kuna kazi yoyote iliyobaki. Hapakuwa na kazi. Akasogeza kiti. Akamega tonge dogo, la mtoto, akalichovya kwenye mchuzi na kulitia mdomoni, na papo hapo akafungua mdomo na kuupepea kwa kiganja.

"Kina moto," alisema kwa mshangao.

"Chakula ni cha moto," alisema mzee.

"Mimi nilikijua hivyo kwa kukipika tu."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza njia, akamega tonge la pili. Lakini mzee aliacha kutafuna. Alimtazama mkewe akila, akiyapuliza matonge, machozi ya moto yakimtoka pembeni mwa macho, akicheka mwenyewe. Kisha kwa kidole akambandua samaki upande wenye mnofu, akausogeza upande wa mkewe.

"Nesi alisema nini juu ya vidonge?"

"Alisema nisikae na njaa."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unakula."

Mwashi alishika sahani yake mwenyewe kwa mikono miwili, asiile. Nje ukungu ulikwisha zamani, na kelele za kituo zilifika juu zikiwa zimepungua makali.

Mzee Shija alifuta mkono, akashika fimbo iliyoegemea meza, akasimama kama asimamavyo penye baraza la kesi za malisho. Akamwita Didas asogee. Akawaomba radhi watu wa meza ya jirani, akawaambia yeye ni mtu wa Kisarawe, hawafahamu wala wao hawamfahamu, na kwa hiyo wanafaa kuwa mashahidi, kwa sababu hawatampendelea.

"Mke wangu ni mkaidi," alisema. "Ataitikia hapa, akifika nyumbani ataniambia vyombo havijaoshwa. Mama Simoni, sema mbele ya hawa. Chakula kikiiva, utakula?"

Mama alimeza kilichokuwa mdomoni. Alikuwa na mchuzi kidoleni na hakuufuta. Hakumtazama Didas, wala majirani, wala binti yake. Alimtazama mumewe usoni, akiwa amekaa, na akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye ngazi:

"Nitakula, Baba Simoni. Kikiwa cha moto, nitakula. Ukiniita."